Kizuri Chajiuza, Kikionekana

Ndugu zangu, wenzangu wa kazi, nawashukuru kwa kunialika na kwa kunipa muda wenu.

Nataka tuzungumze kuhusu namna mtaalamu anavyoweza kuonyesha kazi yake mtandaoni, lakini niruhusuni nianze na hesabu. Chukueni 7,830. Mtu kaandika kwa haraka, tarakimu mbili za katikati zikabadilishana nafasi, ikawa 7,380. Toa ndogo kwenye kubwa, unabaki na 450. Gawanya 450 kwa 9, unapata 50 kamili, bila baki. Jaribuni na namba yoyote mnayoipenda: tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, tofauti itagawanyika kwa 9 kila mara. Kwa hiyo mhasibu ambaye vitabu vyake vimekataa kukubaliana, kabla hajaanza kupekua risiti moja baada ya nyingine, huichukua ile tofauti akaigawanya kwa 9. Ikigawanyika bila baki, ana sababu nzuri ya kuanza kutafuta mahali ambapo mtu kageuza tarakimu.

Mimi si mhasibu. Haya niliyasoma kwenye posti ya mwanamke mmoja ambaye sikuwahi kumwona. Zilikuwa aya nne fupi, na chini yake picha ya karatasi aliyoiandika kwa mkono, tarakimu zilizogeuka akizizungushia duara kwa kalamu nyekundu. Hakusema ana uzoefu wa miaka mingapi. Hakusema yeye ni bingwa. Alisema tu kwamba kosa la namna hiyo lilimla jioni mbili nzima alipokuwa mgeni kazini, mpaka mkubwa wake akaja akamwonyesha, na kwamba asingependa mwingine apoteze jioni zake kwa jambo hilohilo.

Miezi kadhaa baadaye ofisi yetu ikahitaji mhasibu. Kazi yangu kwa miaka mingi sasa ni kusoma maombi ya kazi na kukaa upande ule wa meza ambao watu wanauogopa, upande wa wanaouliza maswali. Katikati ya lile rundo la maombi nikaliona jina lake, na nikalitambua papo hapo. Niseme wazi, kazi aliipata, lakini si kwa sababu ya posti. Alifanya mtihani kama wenzake, akahojiwa kama wenzake. Lakini wenzake waliingia chumba cha usaili wakiwa karatasi, yeye akaingia akiwa mtu. Tulishajua namna anavyofikiri. Tulishajua kwamba anaweza kueleza jambo la kitaalamu kwa mtu asiye mtaalamu, na hilo katika uhasibu ni nusu ya kazi.

Miongoni mwa hao wengine alikuwamo baba mmoja mtu mzima. Vyeti vyake vilikuwa vizuri, barua za waliomwajiri zilikuwa nzuri, majibu yake yalikuwa mafupi na sahihi. Nilikuwa nimemtafuta mtandaoni kabla ya siku ile, kama ninavyomtafuta kila mwombaji, na sikukuta chochote. Ukurasa mmoja mtupu, bila picha, umeandikwa jina na mwaka aliomaliza chuo. Baada ya usaili nikamsindikiza hadi mlangoni, nikamwuliza kwa heshima kwa nini mtu mwenye ujuzi kama wake hajaacha alama yoyote. Akanitazama kwa upole akasema, "Mwanangu, kizuri chajiuza."

Sikuwa na jibu siku ile. Hotuba hii ndiyo jibu langu.

Ile methali nimeizungusha kichwani muda mrefu, na nimekuja kuona kwamba tunaitumia vibaya. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: ni methali ya sokoni. Inazungumzia bidhaa iliyowekwa mezani, wapita njia wanaiona, wanaishika, wanaigeuzageuza. Bidhaa nzuri ikiwa pale mezani haihitaji kelele. Lakini methali haikusema kwamba kizuri chajificha. Iliyofungiwa stoo haijiuzi, hata ingekuwa nzuri namna gani. Na wakati wazuri wamejifungia stoo kwa jina la unyenyekevu, wale wa kibaya chajitembeza wamebaki peke yao barabarani, wanatembea kweli, na wateja hawana wa kuwalinganisha naye. Hilo ndilo linaloniuma. Mtu anayetafuta ushauri wa afya, wa sheria, wa fedha, leo anaanza kwa kuperuzi simu. Anachokikuta huko kinategemea nani aliona haya na nani hakuona.

Sasa, wazo hili la mtu kujijengea chapa binafsi si la jana. Mwezi Agosti 1997 jarida la Fast Company la Marekani lilichapisha makala ya Tom Peters, mshauri wa masuala ya uongozi, akiwaambia wafanyakazi wajione kama chapa, kila mmoja awe mkuu wa masoko wa kampuni iitwayo "Mimi". Wakati huo LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, haikuwepo. Ilifunguliwa kwa umma Mei 2003. Facebook ikaja 2004, YouTube 2005, Twitter 2006, Instagram 2010. Wazo lilitangulia, vyombo vikafuata, na leo kila mtu mwenye simu anaambiwa ajenge chapa yake.

Nakubaliana na nusu ya wazo hilo. Nusu nyingine inanikera, na sababu iko kwenye neno lenyewe. Chapa ni kitu unachogongewa. Sabuni ina chapa. Kiwanda kinaamua rangi, kinaamua maneno, kinagonga muhuri, na sabuni haina la kusema. Kesho itakuwa vilevile ilivyokuwa leo. Mtu hayuko hivyo. Mtu anajifunza, anakosea, anabadili mawazo. Na lugha yetu ilishakuwa na neno bora zaidi kabla ya Peters hajaandika lolote: jina. Tunasema kujenga jina, kulinda jina, kuharibu jina. Tazameni tofauti yake. Chapa unaweza kujigongea mwenyewe usiku mmoja, kwa rangi nzuri na maneno makubwa. Jina hujipi. Jina wanakupa watu, kidogo kidogo, baada ya kukuona ukifanya jambo lilelile vizuri mara nyingi. Kwa hiyo nitakaposema mengine yote leo, nitasema jina.

Na ni watu gani hao wanaokupa jina? Hapa kuna jambo ambalo wengi wetu tunalikosea. Tunadhani kazi na fursa huletwa na watu wa karibu: ndugu, marafiki, waliokaa nasi dawati moja. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha utafiti kuhusu watu waliokuwa wamepata kazi mpya kupitia mtu wanayemfahamu, akawauliza mtu huyo walikuwa wakionana naye mara ngapi. Waliosema mara kwa mara walikuwa asilimia 16.7 tu. Wengi waliobaki walisema wanaonana naye kwa nadra, au mara moja moja. Sababu yake ukiisikia unaiona ni ya kawaida kabisa: rafiki yako wa karibu anajua unayoyajua wewe, anasikia unayoyasikia wewe. Habari mpya inatoka kwa mtu wa mbali kidogo, ambaye anaishi kwenye duara lingine. Mwaka 2022 watafiti waliotumia takwimu za LinkedIn, za watu zaidi ya milioni 20 kwa kipindi cha miaka 5, walichapisha matokeo kwenye jarida la Science yakielekea upande huohuo: uhusiano wa mbali kiasi ndio uliosaidia zaidi watu kuhama kazi, kuliko uhusiano wa karibu sana.

Weka hilo moyoni, kwa sababu linabadilisha unachokifanya mtandaoni. Humwandikii mkeo, mumeo wala swahiba wako, hao wanakujua. Unamwandikia yule uliyesoma naye miaka mingi iliyopita, au yule mliyekutana kwenye semina mkapeana namba msipigiane tena. Huyo hakumbuki kama wewe ni mhandisi wa maji au wa umeme. Siku rafiki yake atakapomwuliza, "Unamjua mtu wa pampu?", jina lako litamjia au halitamjia. Kujenga jina ni kufanya limjie.

Tushuke kwenye ukurasa wenyewe. LinkedIn inakupa herufi 220 chini ya jina lako za kusema wewe ni nani. X, iliyokuwa ikiitwa Twitter, inakupa 160, Instagram 150. Ni nafasi ndogo, na ndiyo sehemu inayosomwa kuliko zote, na kwenye LinkedIn inafuatana na jina lako kila unapotoa maoni. Nimesoma maelfu ya mistari hiyo, na naweza kuwatajia ule unaojirudia: "Mtaalamu mwenye ari, mchapakazi na mbunifu, anayependa changamoto mpya." Hebu tuutazame mstari huu kidogo. Nani asiye na ari? Kuna mtu ataandika yeye ni mvivu? Neno ambalo kinyume chake hakuna atakayekiandika ni neno lisilosema kitu. Mstari mzima umejaa, na bado sijui kama huyu ni daktari au fundi.

Niliwahi kukaa na kijana mmoja aliyekuwa na mstari unaofanana na huo. Nikamwuliza, "Jana umefanya nini kazini?" Akasema, "Nilikuwa nafunga mishahara." Ya watu wangapi? "Mia nne na kidogo." Kukatokea tatizo? "Hapana, sisi huwa hatucheleweshi." Nikamwambia, mstari wako huo hapo umeshautamka. Tukaandika: "Mhasibu wa mishahara. Kila mwezi nahakikisha watu 400 wanalipwa sahihi na siku ileile." Akaniuliza kama si kujisifu. Nikamwuliza kama ni uongo. Akanyamaza, akaandika.

Kuhusu picha sina mengi. Uso uonekane, mwanga utoke mbele yako, usiwe umemkata mtu mwingine likabaki bega lake. Anwani ya mawasiliano iwe inafanya kazi. Jina liandikwe kwa namna moja kwenye mitandao yote. Basi.

Swali la kijana yule ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote: nitaonyeshaje kazi yangu bila kujionyesha? Na Kiswahili kimeshatupa jibu ndani ya swali. Kuonyesha, na kujionyesha. Silabi moja tu, hiyo "ji", imegeuza tendo zima. Katika kuonyesha, msomaji anaondoka na kitu. Katika kujionyesha, msomaji anaondoka na habari zako. Mama wa hesabu ya 9 alionyesha. Angetaka kujionyesha angeandika, "Leo nimekamilisha kwa mafanikio ulinganishaji wa hesabu uliowashinda wengi, namshukuru kila aliyeniamini." Tukio ni lilelile, jioni ni zilezile, lakini mimi nisingejifunza chochote na miezi michache baadaye nisingelikumbuka jina lake.

Kwa hiyo kipimo changu kabla ya kuposti ni hiki: toa neno "mimi" kwenye posti yako, halafu angalia kilichobaki. Kama kuna kitu mtu anaweza kukitumia kesho kazini kwake, weka. Sisemi usitangaze cheti ulichopata au cheo ulichopandishwa. Tangaza, watu wanaokupenda wafurahi nawe. Lakini ukurasa wenye vyeti vitupu unafanana na mpishi anayewaonyesha wageni vyombo.

Wengi huniambia hawana cha kuandika. Siwaamini, na nawaambia hivyo. Fikiria wiki iliyopita: kuna mwenzako alikuja mezani kwako akakuuliza jambo, ukamweleza kwa dakika 5, akaondoka ameridhika. Hiyo ni posti. Ulishaitunga kwa mdomo, imebaki kuiandika. Muuguzi anaelezwa mara kumi kwa siku na wagonjwa kwamba dozi wameiacha kwa sababu wamepata nafuu. Anachowajibu ni posti. Mwalimu anajua pale ambapo wanafunzi wote hukwama katika hesabu za sehemu, za nusu na robo, na anajua mchoro unaowakwamua. Fundi umeme anajua swichi inapotoa harufu maana yake nini. Kwako wewe hayo yamekuwa mepesi mno kiasi kwamba huyaoni tena kuwa ni ujuzi. Hapo ndipo palipo na utajiri wako: kwenye jambo ambalo kwako ni la kila siku na kwa mwingine ni giza.

Andika unavyoongea. Anza na jambo lenyewe. "Nina furaha kubwa kuwatangazia" haimwambii mtu kitu, na kwenye simu mistari ya mwanzo ndiyo pekee inayoonekana kabla msomaji hajabonyeza kuona zaidi. Na kwa kuwa mtaniuliza habari za akili mnemba, nasema hivi: itumie kurekebisha herufi ukitaka, itumie kupanga mawazo. Lakini ukiiachia ikuandikie, itakupa aya laini zisizo na zile jioni mbili. Mashine haikukesha na kile kitabu cha hesabu. Wewe ndiye uliyekesha, na msomaji anayeijua kazi hiyo atalisikia hilo kwenye sentensi ya pili.

Na si lazima uwe mtu wa kuposti. Hili watu wengi hawaambiwi. Kuna watu ninaowaheshimu sana mtandaoni ambao kurasa zao wenyewe ni tupu, lakini wakipita chini ya posti ya mtu mwingine wanaacha maoni ambayo yanaifanya posti iwe bora: wanaongeza kisa, wanauliza swali zuri, wanasahihisha kwa adabu. Maoni ya aina hiyo, matatu kwa wiki, yana thamani kuliko "hongera sana" mia moja. Kama una aibu, anzia hapo.

Habari ya idadi ya wafuasi, naomba niipite haraka kwa sababu inachukua muda mwingi wa watu kuliko inavyostahili. Anayetafuta kiki atapata kiki, na ngoma ikivuma sana hupasuka. Mtaalamu hahitaji kutrendi. Anahitaji watu 200 wa fani yake na wateja wa fani yake wajue anachokijua. Posti moja kwa wiki, mwaka mzima, ni posti 52. Mtu akizipitia 52 hizo atakuwa amekujua kuliko barua yoyote ya maombi inavyoweza kukutambulisha.

Sasa nizungumze la upande wa pili, na nitajitolea mfano mimi mwenyewe, kwa sababu nililipa.

Tulikuwa tumemaliza kazi kubwa, timu imefurahi, tukapiga picha ofisini jioni. Nikaiweka mtandaoni na maneno ya pongezi kwa vijana wangu. Ilipata sifa nyingi. Baada ya saa moja hivi nikapigiwa simu na mwenzangu, sauti yake imekauka: "Hebu ikuze picha yako, angalia nyuma ya bega la kushoto." Nikaikuza. Skrini ya kompyuta ilikuwa wazi, na juu yake orodha ya waombaji kazi, majina kamili, na safu ya maksi zao za usaili. Ilisomeka. Watu waliokuja kwetu kwa imani, wengine bila waajiri wao kujua kwamba wanatafuta kazi. Niliifuta picha palepale, nikaripoti kwa mkuu wangu kabla hajasikia kwa mwingine, tukawapigia simu mmoja mmoja kuwaomba radhi. Mmoja aliniambia, "Nilikuamini." Neno hilo bado ninalo.

Tangu siku hiyo, kila picha ninayotaka kuiweka naikuza kwanza na kuitembelea pembe zote nne. Skrini, ubao, makaratasi mezani, kitambulisho shingoni. Na ukisimulia kisa cha mteja, mgonjwa au mwanafunzi, kutotaja jina hakutoshi. Badilisha yale yote ambayo jirani yake angemtambua nayo, au omba ruhusa, au acha. Soma pia masharti ya mwajiri wako kuhusu mitandao. Huenda yapo kwenye mkataba, na wengi wanayasoma siku wanapoitwa ofisini.

Mtaniambia, si ulifuta? Nilifuta, ndiyo. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na mtandaoni hata yale yaliyozolewa yana nakala. Mtu anapiga skrinshoti kwa sekunde moja. Kuna hazina ya kumbukumbu za kurasa iitwayo Wayback Machine, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001, inayohifadhi tovuti jinsi zilivyokuwa zamani. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mtu anaweza, kwa masharti, kuitaka Google iondoe matokeo fulani mtu akitafuta jina lake. Hata hapo, kinachoondoka ni njia ya kuufikia ukurasa. Ukurasa wenyewe unaweza kubaki pale ulipo. Kwa hiyo kila mara uandikapo ukiwa na hasira, andika kwenye daftari, lala, amka, soma. Kesho yake wengi hawaposti.

Kuna na la kodi. Mitandao hii ni nyumba ya kupanga. Google+ ilifunguliwa 2011, watu wakajenga humo majukwaa ya fani zao, na Aprili 2019 ikafungwa kwa watumiaji wa kawaida. Vine, ile ya video za sekunde 6, ilianza 2013, na mwishoni mwa 2016 ikatangazwa kuwa inafungwa. MySpace haikufungwa, lakini mwaka 2019 ilifahamika kwamba muziki uliopakiwa humo kwa miaka 12 ulipotea wakati wa kuhamisha seva. Kuna wasanii ambao nakala pekee ya kazi yao ilikuwa mle. Sisemi tusipange, sote tumepanga. Ila tuweke nakala ya kila tunachoandika kwenye faili letu wenyewe, na mwenye uwezo awe na tovuti yake ndogo yenye jina lake, hata ya ukurasa mmoja, ambayo hakuna mwenye nyumba atakayeamka asubuhi akabadilisha kufuli. Na akaunti zenu ziwekeeni uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na kithibitisho cha pili, leo kabla hamjalala. Nimeona mtu aliyejenga jina kwa miaka 9 akaunti yake ikaibwa, wafuasi wake wakaanza kuombwa pesa kwa jina lake.

Ukilipwa kusifia bidhaa, sema umelipwa. Cheo usichokuwa nacho usikiandike. Sisi tunaosoma maombi tunapiga simu.

Na kina dada, na wengine mnaotukanwa kila mnapofungua mdomo mtandaoni, sitawaambia kwamba matusi hayo ni madogo. Si madogo, na nimeona watu hodari wakinyamazishwa nayo. Kumzuia mtu asikufikie si woga. Kufunga maoni si woga. Kutoonyesha watoto wako, nyumba yako, mahali ulipo, ni haki yako, na haipunguzi utaalamu wako hata chembe. Jina la kazi linajengwa na kazi, na maisha yako yote mengine yanaweza kubaki nyuma ya mlango.

Nirudi kwa yule baba wa kizuri chajiuza. Kazi ile hakuipata, lakini nilimwandikia baadaye, nikamweleza haya kwa kifupi, nikamwomba ajaribu mara moja tu. Ikapita kimya. Baada ya wiki nyingi akanitumia rasimu, aya sita, kuhusu mambo matatu ambayo yeye huyakagua usiku wa mwisho wa kufunga hesabu za mwaka, na kwa nini anaanza na stoo kabla ya benki. Ilikuwa nzuri sana. Nilikata sentensi ya kwanza tu, ile ya "Ninayo heshima kubwa". Akaiweka.

Waliosoma hawakuwa wengi. Lakini siku ya pili kijana mmoja asiyemjua alimwuliza swali chini yake, kuhusu bidhaa zilizoharibika stoo na bado zimo vitabuni. Nilimwona akimjibu saa nne usiku, kwa kirefu, hatua kwa hatua. Kijana akauliza tena. Akamjibu tena.